Mwalimu Aliyekuja Kumuulizia Johari

Jomvu Kuu,
S.L.P. 96042,
Mombasa.

26 Septemba 1993

Mpendwa ndugu yangu Abdillahi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Maskati, wewe na wenzako mnaokaa pamoja. U hali gani? Na ninapouliza hali nataka jibu la kweli. Katika barua yako ya mwisho uliandika "sijambo" mara tatu kwenye ukurasa mmoja, na mtu asiye na jambo haandiki hivyo. Mgongo umekurudia? Unapata usingizi? Nieleze bila kunificha, maana nitajua tu.

Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi. Goti langu ni lile lile. Paa la upande wa jikoni limeezekwa upya, ingawa fundi alikuwa akishuka kila nilipoingia ndani kuswali na kupanda tena nikitoka, kwa hiyo nangoja mvua ndipo nimsifu.

Barua yako niliipata, lakini bahasha ilikuwa imepakwa gundi mara mbili. Kama si wewe uliyeipaka mara ya pili, basi kuna mtu wa posta anayezijua habari za nyumba yetu. Hii ya leo nitaishona kwa uzi mweusi. Ikikufikia na uzi wa rangi nyingine, niarifu.

Sasa nije kwenye kazi uliyonipa. Uliniandikia kwamba Johari amemaliza mwaka wa kwanza Chuo Kikuu, wenzake wameshachagua somo watakalolishikilia, naye bado anasitasita. Wewe unataka achukue Uchumi ili apate kazi benki. Ukasema chuo kikikaribia kufunguliwa na hajaandika Uchumi, basi asirudi Nairobi, akae hapa aolewe na Faki, mwana wa marehemu kaka yetu Jumaa. Na mimi nimchunguze binti yako, nijue ni nani anayemtia maneno.

Hukukosea kunichagua. Nilianza siku ile ile aliposhuka kwenye treni. Nilimpekua kwa maswali usiku na mchana, nikagundua kwamba yupo mtu kweli. Anaitwa Mwalimu Jerioth, mwanamke wa bara. Huko chuoni mwanafunzi ambaye hajachagua somo huwekwa chini ya mwalimu mmoja wa kumshauri, na wa Johari ndiye huyo. Nikamuuliza mwalimu huyo amemshauri achukue nini. Akasema hajamwambia achukue chochote, humuuliza tu maswali.

Hapo ndipo nilipozidi kuingiwa na wasiwasi. Mwalimu analipwa ili ajue, halafu akikutana na mtoto, yeye ndiye anayeuliza? Nikataka kujua anauliza nini. Ati anapenda kufanya nini akiwa peke yake, nyumbani kwao kukoje, ni jambo gani likimkera haachi kulifikiria. Wewe ni mtu wa hapa, Abdillahi. Maswali ya namna hiyo unajua huulizwa na nani.

Basi Jumamosi ya juma la pili la mwezi huu, baada ya alasiri, nikasikia hodi. Kutazama, ni huyo huyo Mwalimu Jerioth. Alikuwa amekuja mapumzikoni kwa ndugu yake anayefanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, akasema ameona aje kumjulia hali mwanafunzi wake. Mkononi ana kikapu cha viazi na matunda ya pasheni. Nyuma yake amesimama huyo ndugu yake, Dishon, kijana mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikono ina kingo. Alinisalimu kwa adabu, akakataa kuingia, akakaa barazani. Nikamuuliza ana watoto wangapi. Akasema hajaoa bado.

Niambie ungefikiri nini. Mwanamke amekuja bila kusema haja yake, amebeba zawadi, amefuatana na ndugu asiye na mke, na kwa muda mrefu amekuwa akiulizia tabia za binti. Sikuhitaji kuelezwa na mtu. Nilijua nimeletewa wale wanaotangulizwa kutazama mchumba kabla posa haijafika, tena posa ya watu wa mbali na dini nyingine, na baba mtu hayupo.

Nilitaka kumwambia kwamba Johari ameshaposwa, yaishe. Lakini maneno hayo yangefika kwa mamake Faki kabla kahawa haijapoa, naye angeanza kukata nguo za harusi. Nikaona njia iliyo salama ni kumtoa mtoto thamani. Nikamtuma Johari jikoni, nikakaa karibu na mgeni, nikangoja aanze.

Akaanza kama nilivyotazamia. Alisema, "Mama, huyu Johari akiwa hapa nyumbani, hufanya nini bila kutumwa na mtu?"

Wallahi nilimmiminia. Nikamwambia hana analolijua jikoni, huunguza wali kwa sababu akili yake iko nje. Nikamwambia hutoka jua la utosi na ndoo na kamba akaenda kuchungulia visima vya watu. Akiingia nyumba ya watu, badala ya kuuliza hali zao huomba maji, na akishayaonja huwaambia mbele ya uso wao kwamba yana chumvi. Huuliza wazee kisima kimechimbwa lini na kilikuwa na kina gani, kama mtu anayetaka kununua shamba. Nikamwambia kuna nyumba hapa Jomvu wakimwona na kamba yake hufunika visima vyao kwa mabati, maana watu wameanza kusema ana anachokitia humo. Mke wa namna hiyo, nikasema, atamgombanisha mumewe na mtaa mzima.

Kila aibu niliyoitaja, mwanamke yule alizidi kuchangamka. Nilipofika kwenye mabati alikuwa amesogea mpaka ukingo wa kiti. Akaniuliza ni visima vingapi, vya upande gani, na ameanza lini. Nikasema moyoni, hawa wana kijana mwenye kasoro kubwa sana, ndiyo maana hata huyu wetu wanamwona afadhali.

Halafu akaomba Johari atutembeze akavione hivyo visima. Sikuwaacha waende peke yao. Nilijifunga buibui nikafuata nyuma, na Dishon akafuata nyuma yangu, nami nikawa natazama mbele na nyuma kwa zamu.

Abdillahi, mtoto yule kwetu hufungua mdomo kwa kubembelezwa. Pale njiani alisema mpaka nikamwona kama mtoto wa watu wengine. Visima vya juu, karibu na barabara, bado vina maji matamu. Vya katikati vimebadilika baada ya vile vya chini. Ati chini ya ardhi maji matamu hukaa juu ya maji ya bahari, na mashine za kuvutia maji zinapofungwa nyingi na watu wakachota kupita kiasi, yale ya chumvi hupanda kutoka upande wa hori, pale bahari inapoingia, kushika nafasi. Alikuwa akionyesha kwa mikono miwili, mmoja juu ya mwingine. Mwalimu aliuliza tu, na kila swali lilimpeleka mbele kidogo.

Tulipofika kwenye ua wa mzee Shee, Johari alinyamaza ghafla, akataka tupite. Mwalimu akamuuliza kisima hiki vipi. Akatazama chini. Nami hapo nikashika. Nikamwambia, mbona vya watu wengine una habari zake zote, hiki huna? Kuna nini hapa unachokificha?

Akanijibu kwa sauti ndogo. Nayaandika maneno yake kama yalivyotoka, kwa sababu ndiyo uliyonituma niyatafute.

"Shangazi, nikisema nataka kusoma Jiografia nijue habari za maji, baba atauliza ni maji gani. Nikisema ya kisima chetu, atasema nimekuwa upande wa mzee Shee. Ndiyo maana sisemi chochote."

Wewe huhitaji kukumbushwa, ila nakukumbusha. Ni miaka kumi sasa tangu mzee Shee alipokunywa maji yetu barazani, akayasifu mbele za watu kwamba ni matamu kushinda yake, asiseme mashaallah. Haukupita mwezi yakageuka chumvi. Ulimwambia pale msikitini, watu wanasikia, kwamba ametutia kijicho au ametutia kitu kingine. Tangu siku hiyo nyumba yake na yetu haziazimani hata kibiriti. Mwaka ule ule ukaondoka kwenda Maskati, na hujarudi.

Tukiwa bado tumesimama, mkewe, Bi Dhahabu, akatoka. Alikuwa ametusikia. Hakusema na mimi, miaka kumi ni mingi. Alimpa Johari kata ya maji, na Johari akanipa mimi. Nilisita, nakwambia kweli, nikaitazama ile kata nikifikiri mengi. Halafu nikaonja. Yalikuwa ya chumvi kushinda yetu.

Mzee Shee mwenyewe alikuja nyuma yake, amekonda, anatembea kwa mkongojo. Akasema, "Barke, kisima changu kiliharibika kabla ya chenu. Hununua maji kwa mwenye mkokoteni alfajiri watu hawajaamka. Siku ile nalisifu yenu kwa sababu nalitamani, na baadaye naliona haya kusema."

Nilimrudishia Bi Dhahabu kata yake, nikasema ahsante, tukaondoka. Mimi bado sijasema kwamba kijicho hakipo. Lakini mtu hatii kijicho kisima cha mwenziwe na chake mwenyewe kabla yake, hilo hata mimi siwezi kulipatia mahali pa kulishika.

Tuliporudi nyumbani nilimkabili mwalimu. Nikamwambia mimi ni dada mkubwa wa baba yake, na katika nyumba hii baba akiwa mbali jibu la posa natoa mimi, kwa hiyo aseme haja yake waziwazi. Akauliza posa gani. Nikamwonyesha Dishon kule barazani. Abdillahi, alicheka mpaka akashika ukuta, na yule kijana aliposikia alisimama akaenda kusubiri njiani. Ana mchumba wake kwao, harusi ni Desemba.

Alipomaliza kucheka akanieleza kazi yake. Akasema wako wanaochagua somo kwa sababu rafiki yao amelichagua, na wako wanaochagua kwa kuwaogopa wazee wao, na hao wote huja kwake mwaka wa tatu wakilia. Kazi yake ni kuuliza mpaka mwanafunzi ajisikie mwenyewe akijibu. Hakuniomba nimwambie Johari achukue hiki au kile. Nilimuuliza faida yake ni nini, akasema ni mshahara wake tu. Sijaridhika sana na jibu hilo. Tena ameondoka na chupa ya maji ya kisima chetu, ati ya kupimwa Nairobi, na sijui kwa nini achukue yetu na si ya jirani.

Lakini usiku ule nilimwita Johari, akaitika abee, akaja akakaa chini mbele yangu. Nikamwambia posa imefika nyumbani na mimi nimeshaikubali kwa niaba ya baba yake, na si ya Faki. Hakuelewa. Nikamwambia aandike Jiografia. Alilia mpaka kanga yangu ikalowa, nami nililia, usimwambie mtu.

Ulisema asipoandika Uchumi asirudi chuoni. Hakuandika, na amerudi. Nilimsindikiza mwenyewe mpaka stesheni. Na ukiona tarehe ya juu ya barua hii na siku uliyoipokea haziendani, usiwalaumu watu wa posta kwa hili. Nitaiweka chini ya godoro mpaka Johari aniletee habari kwamba ameandikishwa na ameanza masomo. Ukasirike na mimi, mtoto muache. Na kama hasira zako ni nyingi mno kuziandika, njoo uzilete mwenyewe.

Jamaa wote wanakusalimu. Mamake Faki anakusalimu kwa ufupi. Faki nilimwambia atafute kwingine, naye alinishukuru haraka mno, nadhani ana wake tayari. Mwanasiti wa madrasa na wanawe wanakusalimu. Bi Dhahabu anakusalimu.

Na mzee Shee anakusalimu. Yupo hapa barazani ninapoandika, amekuja kwa miguu yake, ndiyo mara yake ya kwanza tangu uondoke. Ameomba maji ya kisima chetu, si ya mtungi. Nikampa huku namtazama. Ameyaonja, akayatema, akasema mashaallah.

Mola akulinde ugenini, akupe afya ya mgongo na moyo mwepesi, akurudishe kwetu ungali unaijua njia.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata ninapokushuku,

Barke