Usinunue Jiwe Lililooga

Dada Yustina,

Shikamoo. Najua hutaitika, lakini ulinifundisha nisianze kusema na mkubwa bila salamu.

Nianze na lililoniuma zaidi. Ulizikwa na rozari ya plastiki. Wewe, ambaye akina mama wa kigango chenu wanasali kwa mawe uliyoyachagua kwa mkono wako! Katika vurugu za msiba hakuna aliyekumbuka, mpaka jirani mmoja akavua ya kwake shingoni, nyeupe, ya plastiki, wakakuzungushia vidoleni. Mimi Mwislamu nilisimama nyuma nikaona haya kusema. Nilitamani kupiga kelele: jamani, siyo hiyo.

Kibanda chetu cha kutungia rozari pale Kizota kipo. Yule anayechomelea mageti bado anatupasua masikio, na vumbi bado linaingia hata mlango ukifungwa. Stuli yako sijaikalia. Wateja wakija wanauliza, "Dada mkubwa yuko wapi?" Mwanzoni nilikuwa nawaambia umesafiri. Sasa nawaambia ukweli, na wengine huondoka bila kuchukua kitu.

Kwenye kisahani chako nilikuta rozari ya mama yako. Ulikuwa umefika katikati. Unakumbuka ulivyosema macho yake yalipozima kabisa? "Hii ya mama, Zaituni, tunachagua kwa vidole. Macho tuyapumzishe." Tukafumba macho kama watoto wanaocheza kombolela. Ukawa unaweka kila jiwe shavuni kupima ubaridi wake, maana kioo hupata joto upesi na jiwe la kweli hukawia. Kisha unapitisha kucha kwenye mdomo wa tundu, likikwaruza, unalitupa. Mimi nikafumbua jicho nikalisifu moja kwa rangi yake. Ukanichapa kikofi cha mgongo: "Bi Haraka, mama atasali na rangi?"

Basi nikasema nitaimaliza mimi. Nikaenda kwa wauza mawe ya Haneti, yale ya kijani uliyoyapenda. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu, mawe yote yamelowa, yamekoza kijani kama mlenda mbichi. Nikajaza kiganja, furaha tupu. Nilipoyaanika nyuma ya kibanda, kivulini kama ulivyonielekeza ili jua lisiyapaushe, yakakauka, na nyufa zikaanza kujitokeza, nyembamba kama unywele. Ndipo kauli yako ikanijia, nimeshachelewa: "Usinunue jiwe lililooga." Likimwagiwa maji linang'aa, na ufa unalala. Lisubiri likauke, ndipo mchumbiane.

Nilikaa chini nikalia, Dada, na si kwa ajili ya mawe. Wewe ulikuwa unakuja kazini umeoga, umejipaka mafuta, unang'aa, unacheka. Nikikuuliza mbona umekonda, unasema ni mfungo wa Kwaresima. Kwaresima ikaisha. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wewe hukuumbuka. Niliyeumbuka ni mimi niliyekaa nawe meza moja nisione kitu. Nina hasira nawe, sitakuficha. Ulikuwa unaona ufa kwenye kila jiwe, wako ukanifichia. Ningekupeleka hospitali hata kwa kukubeba mgongoni. Ungenitukana njia nzima, na ningekubeba.

Mengi ya mawe yale yalipasuka kwa fundi wa kutoboa. Yaliyosalimika nikayatunga hivyo hivyo, kwa sababu mama yako alikuwa anasubiri, nikapanda nayo Msalato. Alinipokea mlangoni kwa "mbukwa" yake, salamu ya Kigogo, akanipapasa uso kujua kama nakula. Nikamwekea rozari mikononi. Akaanza kusali polepole, kidole kikihama jiwe hadi jiwe, midomo ikicheza. Katikati akasita. Akarudi nyuma jiwe moja, akaenda mbele, akarudi tena.

"Hapa," akasema, "ndipo mwanangu alipoishia."

Sikuwa nimemwambia chochote. Nikanyoosha mkono niichukue, nikamwomba aniachie niyatoe yale yangu nitafute mengine. Akaikumbatia kifuani.

"Niachie. Haya laini nikiyashika, yuko hapa nami. Nikifika kwenye haya yanayokwaruza, najua ameondoka, namwombea. Nawe pia nakuombea, mwanangu, maana ni ya kwako."

Nilirudi Kizota na kilio changu. Tangu siku hiyo sijatunga kitu. Kila jiwe naona kama lina siri yake.

Ila kuna rozari moja nitakayoitunga, ya kwako, na hii nakuahidi. Nitachagua mawe yako makavu, nimefumba macho, moja moja shavuni, hata ikinichukua mpaka mvua nyingine. Likinikwaruza hata kidogo, silitaki. Ikikamilika nitakuja nayo kaburini kwako Msalato. Sitaitundika msalabani, jua litaipausha. Nitachimba kwa mkono kichwani pako, niifukie kwenye udongo ule mwekundu, halafu nitakuombea kwa namna ninayoijua mimi. Nadhani Mungu hatatugombeza.

Mungu akurehemu, Dada yangu. Ikikufikia, ile ya plastiki ivue.

Mdogo wako,
Zaituni