Mbuzi za Pieter

Rachida, hapana kunipigia simu, nyumba imejaa batu. Soma tu.

Pieter, ule muzungu yangu ya kununua kahawa, alileta mbuzi za mahari leo kwetu Mususa. Ba-oncle, bandugu ya mama, balikuwa banazichekelea.

Halafu mukaka Adèle, mama ya mama yangu, akatoka mu chumba. Unajua rangi yake. Baba yake alikuwa muzungu ya plantation kule Alimbongo.

Akauliza Pieter swali moja: "Utaandikisha Falonne kama bibi yako na kwenu Ubelgiji?"

Pieter akacheka. Akacheka mbele ya famille muzima, Rachida.

"Mukaka, hapa ku bureau ya commune inatosha. Kule kwetu iko compliqué, shida mingi."

Compliqué. Mimi.

Mukaka hakupandisha sauti. "Baba yangu, ni bakubwa ya serikali ya Ubelgiji balimukataza kuandikisha mama yangu, juu ni mweusi. Mimi bakanipeleka kwa masista, mama akabaki analia ku barabara. Ile sheria ilishakufa. Wewe, nani anakukataza?"

Pieter akaniangalia, ati nimusaidie. Na mimi nilitaka kusikia.

Akaanza kuangalia simu yake, Rachida.

Mukaka akaambia ba-oncle: "Mufungue mbuzi zake, arudi nazo."

Oncle Jean-de-Dieu akasema moja bameshaichinja.

"Basi mumupe nyama yake mu sachet ya plastiki."

Namuona ku dirisha. Amesimama ku barabara na mbuzi zake anangoja taxi-moto, sachet inadondosha damu ku viatu yake.

Sasa hivi ameniandikia. Anauliza kama mukaka ni mugonjwa ya kichwa.