Kilio Kilichotiwa Ngoma

Addis Ababa,
Jumatatu, baada ya Sikukuu ya Ubatizo

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu wewe kwanza, kisha goti lako linalokusumbua, kisha kaka Endale na mkewe, na yule ng'ombe mkorofi kama bado hamjamuuza. Mimi ni mzima kwa rehema za Mungu, ila nimechoka. Nimechoka hadi kahawa naimimina na kuiacha ipoe. Barua hii naomba uisome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Endale akusomee. Hukuhangaika na madarasa ya watu wazima bure.

Albamu yangu ya kwanza sasa ina mwaka na ushee. Ina nyimbo kumi, lakini watu wanaujua mmoja tu, "Mabega". Unapigwa kwenye teksi, saluni, baa, hata kwa muuza kuku. Msimu huu wa harusi sijapumzika Jumapili hata moja. Nikianza wimbo mwingine wanapiga kelele kuutaka huo huo. Nauimba, ukumbi mzima unatikisa mabega, nami natabasamu kwa sababu picha zinapigwa.

Endale alinipigia simu. Alisema kwenye msiba wa mzee Mengesha ulisimama katikati ya hema kama kawaida yako, ukajipiga kifua, ukaanza kumlilia kwa yale mahadhi yako ambayo wilaya nzima imewalilia watu wake. Hata hujamaliza jina la marehemu, mabega ya vijana yakaanza kucheza, na msichana mmoja akacheka. Ukaketi. Tangu siku hiyo hujasimama tena, na watu wa chama cha mazishi sasa wanamwita mwanamke wa ng'ambo ya mto aje awalilie wafu, ambaye Endale anasema analia kama mlango mbovu. Akanifikishia na maneno yako: "Mwambie Zinash ameniachia mdomo mtupu. Kwa sauti ile nilimlilia baba yake. Sasa mimi nikifa, watanililia au watanichezea?"

Sikukujibu, nawe ukadhani kichwa kimenivimba. Majirani nao wanasema nimemuuza mama yangu. Siwalaumu, hata mimi ningesema hivyo. Lakini sikuyachukua mahadhi yako ili watu wacheze.

Mwaka ule niliposema siji Pasaka kwa sababu narekodi, nilikuwa mjamzito. Aliyenipa mimba alibadilisha namba ya simu, yakaishia hapo. Nilijifungua mtoto wa kike mwenye paji lako la uso, nikamwita Mintwab. Nilipanga kukuletea akishabatizwa, maana nilijua ukimshika tu hutanigombeza tena. Siku yake ya themanini, ambayo mtoto wa kike hubatizwa, haikufika. Homa ilimshika Alhamisi, Jumamosi akafa. Desturi yetu unaijua kuliko mimi: asiyebatizwa hawekewi hema, hapigiwi kifua, hazikwi uani mwa kanisa. Mzee mmoja wa mtaa alimbeba ndani ya shuka yangu nyeupe, akarudi mikono mitupu. Akaniambia, "Binti yangu, huyu haliliwi. Kunywa maji, ulale."

Nikalala. Wiki iliyofuata nikaenda studio, kwa kuwa siku zilikuwa zimeshapangwa. Binyam, anayenitengenezea muziki, alitoka kununua sigara, nami nilidhani mashine imezimwa. Nikajipiga kifua taratibu, nikamlilia mwanangu kwa mahadhi yako, kwa sababu sina mengine. Binyam aliporudi akasikiliza kilichonaswa, akashika kichwa. "Zinash, hii ulikuwa umeificha wapi? Nikiitia ngoma, mji mzima utatikisa mabega." Sikuwa na nguvu ya kumweleza, nikakubali kwa kichwa. Yale makofi yanayoanza wimbo, ambayo watoto wanayaiga barabarani, si makofi, Mama. Ni kifua changu.

Jana harusini mama wa bwana harusi aliucheza akiwa na mjukuu mgongoni, kichanga cha kike chenye kofia ya sufu. Nikashusha kipaza sauti. Ukumbi ukauimba bila mimi hadi mwisho, wala hakuna aliyegundua.

Wimbo siwezi kuurudisha, umeshakuwa wa watu. Wala sikuombi unisamehe leo. Nakuomba kitu kimoja. Siku ukibaki peke yako jikoni, funga mlango, umlilie Mintwab mara moja tu, polepole, bila ngoma, na umtaje kwa jina. Ningefanya mwenyewe, lakini kila nikijaribu, mabega yangu yanatikisika.

Mwambie Endale pilipili aliyotuma imefika na ni kali kama zamani. Nabusu magoti yako, lile bovu mara mbili.

Mwanao,
Zinash, mama Mintwab