Konveta ya Kuruka Nayo

Jumanne jioni

Eti mimi sijui magari! Mimi ninayeendesha kila siku kutoka Mshangano hadi shuleni Matogoro, tena napenda mwendo kasi kuliko wanaume wote pale gereji.

Konveta ya gari langu imechoka, haipeleki tena nguvu ya injini kwenye giaboksi inavyotakiwa. Fundi Saidi alishaniamulia mpya. "Dada, funga hii inayoshika injini ikifika mizunguko elfu tatu na nusu kwa dakika. Ukikanyaga, unaruka!" Hakuuliza naendesha wapi. Akanipa gari lake la mashindano, lenye konveta kama hiyo, nikalijaribu.

Kwenye kilima injini ilipiga kelele kama inachinjwa, gari lenyewe linajivuta. Harufu ya mafuta ya giaboksi yaliyoungua ikaingia ndani. Nilisimama kumpa shikamoo jirani yetu, mzee wa watu, na nilipokanyaga kuondoka gari likachomoka, naye akarukia mtaroni. Bila shaka anadhani nimemkasirikia.

Nikarudi gereji nikamweleza Saidi yote. Akacheka. "Utazoea, dada."

Nizoee? Nikiwa getini pa shule, watoto wanapita mbele ya gari, nizoee?

Kinachoniuma zaidi ni kwamba jana nilikaribia kukubali, kwa sababu tu alisema kwa uhakika na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Nikamuuliza, lile gari lako jingine, unalokuja nalo kazini, lina konveta gani?

Akafuta mikono kwanza, taratibu.

"Lile nimeliachia ya kiwandani, dada. Lile si ndilo la kila siku?"