Mayu, Niliandika Ndiyo

Mayu,

Juzi mchana nilisinzia mkekani, mama yangu, ukaja tena. Ulikuwa unapepeta karanga uwanjani kwetu Ushetu, vumbi jekundu limekuzunguka hadi kiunoni, limetulia kama maji. Midomo yako ilikuwa ikisema. Nilielewa kila neno, na nilipoamka yote yalikuwa yameyeyuka. Ilibaki ile namna yako ya kugeuzia uso kwenye mwanga kabla ya kusema, ili nikuone. Ulinifanyia hivyo tangu nilipougua homa ya uti wa mgongo nikiwa na miaka saba, tukatoka hospitali ya Kolandoto nikiwa hai, sikio la kulia limezima, la kushoto likisikia kama watu wote wanaongea ndani ya blanketi.

Leo naungama. Wiki yako ya mwisho ulinishika mkono, ukasema polepole, "Ng'wanone, mwanangu, ukiomba chuo, usiwaambie habari ya masikio. Watakukataa hata hawajakuona." Nikakuahidi. Mayu, sikutimiza.

Matokeo ya kidato cha sita yalitoka kabla ya arobaini yako. Nimepata A ya kemia na A ya baiolojia. Baba mdogo alicheka huku analia. Nikaenda kwenye steshenari moja pale Nyasubi kuomba famasia, kozi inayoombwa na wengi na nafasi zake ni chache. Kijana wa kompyuta alinijazia fomu haraka haraka. Alipofika kwenye swali, Je, una ulemavu wowote?, akabonyeza Hapana bila kuniuliza.

Nikalitazama lile neno. Nikamwona msichana mwingine mwenye jina langu, anaitwa kwa nyuma na anageuka mara moja. Nilimtamani kidogo.

"Rudi pale," nikamwambia. "Weka Ndiyo."

"Dada, unajiharibia," akasema. "Mkiwa wawili na alama sawa, watamchukua asiye na tatizo."

Mama mmoja aliyekuwa akisubiri kutoa kopi akadakia, "Mwache aweke. Siku hizi watu kama yeye ndio wanapewa kwanza."

Wote wawili waliniumiza. Mmoja aliona masikio yatanifukuza, mwingine aliona yataniingiza, na hakuna aliyeuliza nimefaulu vipi. Nikawaza miaka ya kukaa nyuma ya darasa chuoni bila mtu kujua, mhadhiri ameelekea ubaoni, anaongea na ukuta. Nikabonyeza Ndiyo kwa mkono wangu.

Chuo kiliniita kwa mahojiano. Chumba kilikuwa cheupe, pazia likipumua taratibu dirishani, na watu watatu nyuma ya meza wakionekana mbali kuliko walivyokuwa. Mzee wa katikati aliuliza kitu huku ameinamia karatasi. Nikamwomba anitazame. Akainua uso, akarudia: "Mgonjwa akikunong'oneza, ukasikia dawa nyingine, itakuwaje?"

Swali lilikuwa la haki, Mayu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshajiuliza.

"Nitamwomba aandike," nikajibu. "Kisha nitamsomea nilichoelewa, akikubali ndipo nitagusa dawa. Hata mwenye masikio mazima angefanya hivyo, makosa yangepungua."

Mama aliyekaa pembeni akaandika kitu. Sikujua kama ni kizuri.

Nimechaguliwa, Mayu. Jirani yetu Mama Shija alikuja na kuku, akanikumbatia, akasema, "Wamekuonea huruma, Mungu awabariki." Kuku yule sikumla. Nikaandikia ofisi ya chuo kuuliza, wakajibu: Ulichaguliwa kwa alama zako na kwa majibu uliyotoa. Taarifa ya ulemavu tumeitumia kukupangia kiti cha mbele na mwenzako wa kukusaidia kunakili masomo. Kuna siku naamini yote. Kuna siku naamini nusu. Walichosemezana baada ya mimi kutoka sitakijua, na nimeanza kuzoea kutokijua.

Sisemi ulikosea. Nakumbuka ulivyosimama mlangoni mwa ofisi ya mwalimu, leso imekazwa kiunoni, naye anakwambia unirudishe nyumbani nikachunge mbuzi. Ulirudi kesho yake, na kesho yake tena, mpaka akachoka. Baada ya hapo ungewezaje kuamini kwamba kuna mtu atasoma neno lile kwenye karatasi na bado aniite ndani? Nilivunja ahadi niliyokupa, na bado nakuhitaji uniambie kwamba hujakasirika.

Jumatatu naondoka. Kaburi nimelifagia, na shangazi amesema atalipalilia mvua zikianza. Pumzika, Mayu. Njoo usingizini unapotaka, hata kama nitasahau ulichosema.

Nakupa ahadi nyingine, hii ninaiweza. Mtu akisema nami nisimsikie, sitatikisa kichwa kama aliyesikia. Nitamwambia, "Rudia, tafadhali," na nitasubiri hapo hapo mpaka arudie.

Mwanao,
Kabula