Makochi ya Ng'ambo

Tarehe 2 Machi

Kaka,
Hujambo huko karakanani? Sisi wazima, ila mimi naumwa makochi ya jirani. Mke wa Mkurugenzi, nyumba ya pili, kaagiza makochi ng'ambo, yamekuja kwa meli! Nailoni hajatoa. Tumeyakalia kunywa chai, tunateleza kama samaki, na kila mtu "jamani, mazuri!" Roho imeniuma mpaka chai ikapoa. Njoo unishonee kama yale. Ila pita mlango wa nyuma, na wageni wakiwepo nitakuita fundi. Usinune.
Mdogo wako

Tarehe 9 Machi

Mdogo wangu,
Salamu nyingi kuliko misumari yangu. Huku wazima, isipokuwa kidole gumba. Nimekipiga nyundo nikisoma barua yako. Fundi! Mimi niliyekubeba mgongoni kwenda shule kila mvua! Huyo Mama Nailoni unamwita dada, nimesikia. Wivu ninao, sikufichi. Yeye anakaa sebuleni, mimi kigoda cha jikoni. Nitakushonea, ila kwanza niite kaka mbele ya mtu mmoja tu, hata mlinzi wa geti.
Kaka yako

Tarehe 12 Machi

Kaka,
Salamu. Basi, baki na nyundo yako. Jirani ataniagizia mwenyewe ng'ambo.
Mdogo wako

Tarehe 20 Juni

Kaka yangu mpenzi,
Za siku nyingi? Kidole kimepona? Mimi sijalala siku mbili. Makochi yalifika, nikaita wanawake wote wa mtaa, Mama Nailoni kakaa katikati kama bibi harusi. Hereni yangu ikadondoka. Nikainama chini ya kochi, nani ananitazama pale kwenye ubao? Kuku wa miguu mitatu! Yule niliyemchora darasa la kwanza, ukacheka mpaka ukalia. Kumbe unamchora kwenye kila kochi!
Ningeweza kunyamaza. Lakini nikamwona jirani anavyoringa, wivu ukanipanda, nikasema kwa sauti: "Hii kazi ya kaka yangu! Na yako pia, inua tuone!" Tukaenda kwake sote, tukainua. Kuku huyo! Nilidhani atakufa kwa aibu. Wapi! Sasa anamwambia kila mtu "kaka yangu fundi" hivi, "kaka yangu fundi" vile. Kaka yake tangu lini? Njoo Jumamosi. Mlango wa mbele.
Mdogo wako, wa tumbo moja

Tarehe 24 Juni

Mdogo wangu,
Kidole kimepona, kucha imeota upya. Mama Nailoni aliniapisha nisiseme, nikaapa. Alipokuja na oda ya pili akataja nyumba yako, nilicheka mpaka sindano ikanichoma. Kwenye makochi yako nikaweka sponji nene kuliko ya kwake. Wivu tu huo.
Na mlango wa mbele nimeshaupita. Siku ya kuleta makochi, yule aliyebeba lile kubwa kichwani, miguu tu ndiyo inaonekana, alikuwa ni mimi. Ukasema, "Taratibu nyie vibarua, vitu vya ng'ambo hivyo!" Nikaitika, "Ndiyo, mama." Nimekuitikia mama, mtoto niliyekupangusa kamasi!
Lakini umeniita kaka mbele ya watu. Kwa wivu, najua. Nimeipokea hivyohivyo. Mama Nailoni naye kanialika Jumamosi hiyohiyo. Nimemwambia nina mdogo wangu.
Nakuja. Toa nailoni, nisije nikateleza mbele ya wageni.
Kaka yako, wa kwako peke yako