Russell Amemng'ata Mtoto, Nami Nataka Asamehewe

Mpendwa Bi Thelma,

Naandika kwa sababu mdogo wangu Noelene ametukataza kukanyaga kwake, mimi na Russell, na anakaa mitaa miwili tu kutoka hapa. Naitwa Coralie, nina miaka hamsini na nane, mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita na tangu hapo Russell ndiye mwenzangu, ni mbwa, kelpi, wale wa kuchungia kondoo, lakini kwangu hajawahi kuwa mbwa, analala kitandani kwangu, anakula mezani kwenye kiti chake, baridi ikizidi namvalisha sweta niliyomfumia mwenyewe, na tukienda madukani namsukuma kwenye kigari cha mtoto asije akachafua miguu.

Jumapili iliyopita mjukuu wa Noelene, Tilly, alitimiza miaka minne, wakachoma nyama uani, nami nikamvika Russell kofia ya karatasi kama wageni wengine nikamketisha mezani. Tilly akaja akamkumbatia shingoni akamng'ang'ania, Russell akageuza uso, akalamba midomo, akalaza masikio, halafu akanguruma, nikaona aibu mbele za watu, nikamwambia, "Russell, hiyo siyo adabu, mpe Tilly busu umwombe radhi," nikamshika kichwa nikamsogeza usoni kwa mtoto, na hapo ndipo alipomng'ata shavuni, Tilly akashonwa nyuzi nne. Noelene akaniambia, "Chagua, mbwa wako au sisi." Jumanne akaja ofisa wa halmashauri na karatasi kwamba huenda Russell akaandikishwa kama mbwa hatari. Tangu siku hiyo amenuna, hanitazami, najua anajuta, nimeona machoni mwake. Na kilichoniumiza zaidi, Alhamisi alichomoka getini nikamkuta shambani kwa mzee Lindsay Quayle, nje ya mji, anazungusha kondoo, matope mpaka masikioni, nikamwita mara kumi hakugeuka. Nisaidie, nimweleze vipi Noelene kwamba Russell ameomba msamaha?

Mama Russell, Horsham

Coralie,

Nitakuita kwa jina lako, maana mama yake Russell ni mbwa, na hilo unalijua. Pole kwa kufiwa. Nyumba ikinyamaza ghafla, mtu hushika chochote chenye uhai, na siwezi kukucheka kwa hilo. Lakini barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimelazimika kuiweka chini nikachemshe chai.

Russell hajaomba msamaha wowote. Alipogeuza uso alikuwa anakuambia umwondolee yule mtoto. Alipolamba midomo, akarudia. Aliponguruma alisema kwa sauti kubwa kuliko zote alizo nazo, nawe ukamkaripia, kisha ukamsukuma mpaka usoni kwa mtoto. Angefanya nini zaidi, akuandikie barua? Wala hajanuna. Anakuogopa kidogo, na kukaa bure kunamwua. Mimi nimekulia kwenye shamba la kondoo, mbwa wa namna hiyo anakimbia kutwa nzima na jioni bado anauliza kazi iko wapi, wewe unamsukuma kwenye kigari! Na ushukuru mungu wako kwamba mzee Quayle ni mpole. Wafugaji wengine wangempiga risasi kabla hujamaliza kuita mara ya pili.

Geti litengenezwe leo, siyo wiki ijayo. Kigari na sweta vitoe. Ale sakafuni kwenye bakuli lake, alale chini kwenye tandiko lake. Nje ya nyumba afungwe kamba na kizuizi cha mdomo mpaka halmashauri iamue, na yule ofisa mweleze ukweli wote, kwamba wewe ndiye uliyemshika kichwa. Pengine hilo ndilo litakalomwokoa. Tafuta mkufunzi wa mbwa, umwambie hivyohivyo, bila kupamba. Kamwombe mzee Quayle radhi, na akikubali, mwulize kama anaweza kumfundisha Russell kazi, kwa kamba, yeye mwenyewe akiwepo. Na usimwache tena karibu na mtoto mdogo, hata kwa dakika moja ya kwenda jikoni.

Kisha nenda kwa Noelene, peke yako. Usimtetee mbwa, sema umekosea wewe. Umeniandikia barua nzima kuhusu moyo wa Russell, Coralie, na hakuna hata mstari mmoja wa kusema Tilly anaendeleaje. Kamwulize hilo kwanza, halafu nyamaza usikilize.

Thelma